Keki Inangoja Jina la Chuo

"Haya, niandike chuo gani?" na Cori, aliyetoka nyumbani na jibu mdomoni akalitafuna njia nzima kama bazoka, sasa analimeza, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba nyuma ya kioo cha keki atamkuta Annika, Jumatano si zamu ya Annika, Jumatano huwa yupo yule mama wa makamo mwenye miwani ya kamba ambaye angeandika hata jehanamu kwa mwandiko mzuri bila kuinua macho, lakini ni Annika, kofia ya wavu kichwani, glavu za plastiki, mfuko wa krimu ya buluu mkononi ameukaba shingo kama kuku wa kuchinjwa, na mbele yake keki, nyeupe, pana kama mlango wa kabati, pembeni imeshapambwa mawimbi, katikati tupu, katikati panangoja jina, na Annika ameuliza kama mtu anayeuliza saa, hana kitu usoni, kama vile si yeye ambaye jibu hili litamfungulia mlango au litaufunga na kuutia komeo... "Panatosha herufi nane," anasema Annika, "zikizidi nitabana, na mimi nikibana naharibu," na Cori anahesabu, Wexcombe nane, Dunmore saba, zote zinaenea, hata keki imekataa kumsaidia. Anasema, ngoja mama aje, na anaichukia sauti ilivyomtoka, miaka kumi na minane, kumi na miwili kati yake akifundishwa kuimba, na mbele ya keki bado anamwita mama, na mama yuko kwenye rafu za upande wa pili wa duka anatafuta sahani za karatasi za rangi ya chuo, chuo gani, mama haulizi, kwa mama chuo ni kimoja, na kesho ni tarehe mosi Mei, siku ya mwisho ya kuvijibu vyuo, kesho darasa lote la mwisho litavaa fulana za vyuo vyao lipangwe kwenye ngazi za ukumbi wa mpira wa kikapu lipigwe picha, anayekwenda jeshini atavaa ya jeshi, na asiyekwenda popote ataumwa tumbo, kila mwaka wapo watano sita wanaoumwa tumbo tarehe mosi Mei na kila mtu anaujua ugonjwa wao, na baada ya picha zinakuja keki, kila mama na keki yake, zinapangwa mezani kama majeneza madogo yenye majina... mama ana fulana mbili kabatini, zote bado zina karatasi ya bei, itakayoshindwa itarudishwa dukani, ndivyo mama anavyofanya maamuzi makubwa, anahakikisha tu risiti haipotei. "Asubuhi kaja baba mmoja," anasema Annika, "kataka jina la bintiye kwenye keki, nikamuuliza linaandikwaje, akatoa simu akampigia mkewe," na anacheka kidogo, kicheko cha puani, kile ambacho Cori amekisikia tangu wana miaka sita, walipokuwa kondoo wawili kwenye igizo la Krismasi la parokia na Annika akalia mee kwa sauti iliyowageuza watu wa viti vya nyuma kabisa, hapo ndipo ilipojulikana nani ana koo na nani ana mama... na Cori anacheka pia, amechelewa, kicheko kimetoka mbio kama mtu aliyekosa basi. Wexcombe, jamani, chuo cha michezo ya kuigiza kwa nyimbo. Walioomba zaidi ya elfu mbili, waliochukuliwa ishirini, na si ishirini waliowashinda wenzao, aa, asikudanganye mtu, wanachagua kama bibi harusi anayepanga kabati la vyombo, vikombe sita, sahani sita, birika moja, wavulana warefu wanne, msichana mmoja wa kuchekesha, msichana mmoja wa sauti nene ya kifuani, mmoja tu, nyumba haina mabirika mawili, na mwaka huu birika ni Cori, na birika la akiba, la kwanza kwenye orodha ya kungojea, limesimama hapa na krimu ya buluu, barua yake ilisema wazi kwamba nafasi yake itategemea uamuzi wa mwanafunzi mwingine, mwanafunzi mwingine! kama vile shule nzima haimjui, kama vile Annika hakuisoma barua hiyo akiwa kitandani kwa Cori, miguu juu ya ukuta, akasema, basi ukikataa wewe naingia mimi, ukikubali nakuja kukutazama, kwa vyovyote nitaiona Wexcombe, na akaikunja barua mara nne akaitia kwenye soksi, na tangu siku hiyo hajauliza, wiki tano, hajagusia, hajanuna, na hilo ndilo linalomkera Cori kuliko yote, angenuna! angeomba, angepiga magoti, ili mtu apate mahali pa kuweka hasira yake. Na Dunmore, chuo cha jimbo, saa moja na nusu kwa gari, watamsomesha bure, mwalimu wao Bi Pruitt alipiga simu mwenyewe, sauti imekwaruzwa na sigara, hakusema sisi ni familia, vyuo vyote vingine vilisema sisi ni familia, Wexcombe walisema mara tatu katika barua ya ukurasa mmoja, mtu akikuambia mara tatu kuwa ni ndugu yako shikilia mkoba wako, Bi Pruitt alisema, jukwaa letu linavuja kwenye kona ya kushoto na maegesho ni tabu, lakini utaimba kila wiki, basi, akakohoa, akakata simu. Na Cori alimpenda palepale, akamdharau palepale, kwa sababu aliyemchagua bila vishindo huenda hakuona vizuri.

"Krimu inakauka," anasema Annika, "si haraka, nakwambia tu," na anaifinya kidogo kwenye karatasi ya pembeni, nukta, nukta, nukta, Cori anaangalia mkono wake, mkono huo ulikuwa umemlalia shingoni usiku ule wa Chicago, Februari, walipokwenda kwenye usaili wa vyuo, hotelini, kitanda kimoja wao wawili na kingine cha mama, kwa sababu mama yake Annika hakupata ruhusa kazini na mama akasema, mtoto atakuja na sisi, atalala na sisi, chumba ni kilekile, akasema kwa ukarimu ule wake wa kutangazwa, akalitangaza hadi kwenye lile jukwaa la mtandaoni ambako akina mama wa waimbaji huandikiana bila majina, wanaumana bila majina, na wiki hii yote wanaombana, tafadhali wenzetu wenye nafasi mbili achieni moja, kuna watoto wanangoja... hoteli nzima ilikuwa inaimba, vyuo thelathini vimekodi orofa tatu, watoto wanapasha koo kwenye ngazi, vyooni, ndani ya lifti, akina baba wamekaa sakafuni na mabegi mapajani kama abiria waliokosa ndege, harufu ya tangawizi na ya dawa ya nywele, na kila mtoto amekumbatia faili lake, maana faili ndilo roho, ndani yake zimo nyimbo, karatasi za mpiga kinanda katika mifuko ya plastiki, na ukiwa na wimbo unaoimbwa na kila mtu umekwisha, jopo limeusikia mara hamsini kabla ya chakula cha mchana, ukiwa na wimbo asioujua mtu una dhahabu, humwambii hata anayekunyoa, na kuna sheria isiyoandikwa popote na inayojulikana hata na mtoto wa darasa la saba, wimbo wa rafiki yako huugusi, unaweza kumchukua mchumba wake, watu watasema, watasahau, wimbo humchukulii. Na Annika alikuwa na dhahabu. Aliupata kwenye benchi la kinanda la bibi yake alipokufa, chini ya nyimbo za kanisani na mapishi ya kabichi, kurasa nne za njano, wimbo kutoka mchezo mmoja wa jukwaani wa zamani uliodumu siku tisa ukafungwa, hakuna aliyeurekodi, hakuna aliyeulilia, wimbo wa mwanamke mkata tiketi kwenye stendi ya mabasi, anataja miji yote, bei zake na saa zake, na hajawahi kupanda basi hata moja, na kwenye ubeti wa mwisho anakuja mtu kumwomba tiketi ya kijiji alikozaliwa yeye, na bei inampotea. Annika alimwimbia Cori peke yake, ndani ya gari, madirisha yamefungwa, nje ya duka hilihili, theluji inaanguka, na alipomaliza Cori akawasha vipanguzi vya kioo, na baada ya hapo wiki sita alikuwa akimshikia maneno, akimsahihisha pumzi, unavuta mapema mno hapo kwenye jina la mji wa tatu, alikuwa mwalimu wake, eti, alikuwa mlinzi wa ghala... na asubuhi ile mlangoni kwa Wexcombe pamebandikwa karatasi, nyimbo ishirini na mbili ambazo jopo halitaki kuzisikia tena, na wa tisa ni wake, wa Cori, ule ambao Bwana Feld amemfundisha kwa mwaka mzima kwa video kutoka New York na paka wake mapajani, na Bwana Feld alisema karatasi hizo ni vitisho tu, paka akapiga miayo, na saa ya Cori ni nne na dakika ishirini, na ya Annika ni tano kasoro kumi, na sasa ni nne na dakika tano. Basi alipanda chumbani kunywa maji. Hivyo ndivyo anavyojisimulia siku zote, alipanda kunywa maji. Mama alikuwa chini anapigana na mtu wa meza ya usajili, bafuni mvuke unapita chini ya mlango, Annika analainisha koo, anaimba ngazi za sauti polepole, aa aa aa, kama mtu anayebembeleza mtoto wa jirani, na faili limelala juu ya kipasha joto, limefunguka lenyewe, hapana, halikufunguka lenyewe, faili ni faili, lina kifungo. Kurasa nne. Mpiga kinanda alikuwa mzee wa kope nzito, alizitazama karatasi, akamtazama Cori, akasema, umeutoa wapi huu, na Cori akasema, kwa bibi yangu, na bibi yake mwenyewe yu hai huko Florida anacheza karata na hajawahi kuwa na kinanda, na akaimba, na alipofika kwenye mji wa tatu akavuta pumzi mahali alipomfundisha Annika avute, na jopo, watu watatu, waliacha kuandika. Na kurasa zilikuwa zimerudi kwenye faili kabla mvuke haujaisha. Halafu saa tano kasoro kumi Annika akaingia na kurasa zilezile, kwa mzee yuleyule, na nje mlangoni, kwenye zulia, Cori akasikia kinanda kinaanza, kikasita, kikaanza tena, na hakuondoka, alisimama akasikiliza hadi mwisho, na hilo nalo hajamwambia mtu, kwamba alisikiliza, kwamba Annika aliimba vizuri zaidi yake, haikuwa hata karibu.

"Hizi za dhahabu zimekwisha, nimechukua nyeupe," anasema mama, amefika na toroli, na sahani, na mishumaa ambayo haitawashwa, na anamwona Annika na uso wake unafanya ule mzunguko wake wa mshtuko, huruma, furaha ya bandia, kwa mpangilio huo, "Annika, mwanangu, kumbe ni wewe, hii kofia imekupendeza," na Annika anasema, "Asante Bi Denise, ni kofia ya wavu," na kwa mara ya kwanza leo Cori anakaribia kucheka kwa kweli. Mama anasema andika Wexcombe, andika kwa herufi za kulala, na chini yake nyota ndogo, na Annika anamtazama Cori, si mama, mfuko wa krimu umeinuliwa, na Cori anasema bado, na mama anasema bado nini, si uliniambia jana, si uliitikia kwa kichwa, na Cori anasema kuitikia kwa kichwa si kusema, na mama anacheka kwa ajili ya watu wanaopita na matoroli yao, anamwambia Annika kwamba ni woga tu, watoto wa sanaa, ungeiona barua waliyomwandikia ungelia... barua. Barua iko mlangoni mwa friji chini ya sumaku ya umbo la nanasi, na ni fupi kuliko barua nyingine zote kwa upana wa vidole viwili, na hakuna mtu nyumbani aliyejiuliza kwa nini chuo chenye fedha za kuweka nembo ya kung'aa hakina fedha za kumalizia karatasi, ni Cori aliyeikata, kwa mkasi wa kucha, kabla hajamwita mama, kwa sababu chini ya saini mkuu wa idara aliongeza kwa kalamu yake mwenyewe, kwa wino wa kijani, bado tunamzungumzia mkata tiketi wako. Kipande hicho kimo ndani ya kiatu chake cha kuchezea dansi ya bale, cha kushoto, na kila akivaa viatu hivyo anakihamishia cha kulia, akili gani hiyo, mtu mwenye barua ya kukubaliwa na chuo kinachokataa watu elfu mbili, na hajui kitu cha kufanya na karatasi isipokuwa kuitembeza kutoka kiatu hadi kiatu. Na mama anaendelea, mama anamweleza Annika eti jinsi walivyomsifu, na Annika anaitikia, ndiyo Bi Denise, lazima, anastahili, na neno hilo, anastahili, limetoka safi, halina mchanga ndani, Cori amelitafuna kutafuta mchanga na hakuupata. Angekuwa na wivu tu. Wivu ungewasawazisha. Badala yake alikuwa na msichana wa buti za kijani, na huyo alimpa nani, si Cori? Njiani kurudi kutoka Chicago, mwendo wa saa nne kwa gari, mama anaendesha, Annika kiti cha nyuma anauliza, anauliza tena, nani angeweza kuwa nao, nilipoanza waliangaliana, mmoja akasema kumbe leo ni siku ya wimbo huu, mmoja akatabasamu, Cori, nani angeweza kuwa nao, na Cori bila kugeuka akasema, yule wa buti za kijani, kutoka Tennessee, nilimwona ameshika karatasi za njano. Hivyo tu. Lilitoka lenyewe, lina miguu na buti. Na Annika akamtafuta mtandaoni, akampata, akamwandikia, na yule akajibu kwa upole kwamba hajui anaongelea nini, na Annika akasema, ona anavyojua kuigiza, na hadi leo akichoka hufungua ukurasa wa yule msichana na kuutazama, anatazama picha za mtu na mbwa wake na buti zake, anamchukia kwa utaratibu, kama mtu anayekunywa dawa, na dawa hiyo imetoka duka la Cori.

Sasa, aseme Dunmore. Ni herufi saba na mambo yamekwisha. Aseme Dunmore, Annika, niandikie Dunmore, kisha anyamaze kidogo, amwache mwenyewe afikie maana yake, krimu itamwanguka, mama atasema nini, na yeye Cori atasema, polepole, nafasi ni yako, nenda wewe, unaiweza kuliko mimi, na watakumbatiana juu ya kioo hiki, keki itabonyea, watu watasimama na matoroli yao, mama atalia kisha usiku atakwenda kuandika kwenye lile jukwaa lake kwamba binti yake ameachia nafasi kwa ajili ya rafiki, na akina mama mia tatu wasio na majina wataweka mioyo midogo... na hapa ndipo anapojikamata, kwa sababu ameshachagua na mkono atakaomshika Annika, wa kushoto, ili usimzibe uso. Ameshapanga mahali pa kunyamaza. Yuko dukani mbele ya keki anajigawia sehemu, sehemu nzuri, ya mwisho, yenye kupigiwa makofi, na Annika atampigia makofi maisha yake yote, kila Krismasi, kila onyesho, rafiki yangu ndiye aliyeniachia, atasema kwenye harusi yake, na ataingia Wexcombe akiwa mgeni wa Cori, na mzee wa kope nzito atamwona mwaka wa kwanza ukumbini na kusema, aha, wewe ni mkata tiketi wa pili. Kumrudishia mtu mali yake ukiwa umeifunga utepe ili akushukuru, hiyo inaitwaje? Bibi yake wa Florida angesema inaitwa biashara. Na aseme Wexcombe je? Aende, akaimbe, wao wakisema tuimbie ule wa stendi, atauimba, miaka minne, ukiwa umeshakuwa wake, kwa mazoea, kama nyumba iliyovamiwa, mwishowe hata mvamizi anapanda maua... vyuo viwili, mwezi mzima ameandika safu mbili kwenye daftari, faida na hasara, walimu, majukwaa, mabweni, wahitimu walio kazini, amejaza kurasa saba, na hakuna hata safu moja iliyokuwa na faili, na kipasha joto, na mvuke chini ya mlango.

"Mimi mwenyewe nimejiandikisha," anasema Annika, na inaonekana alikuwa anajibu kitu alichouliza mama, mama ameuliza na wewe mwanangu utafanya nini, kwa sauti ya hospitali, "chuo cha hapa mjini, kozi ya usaidizi wa daktari wa meno, mwaka mmoja. Watu hawaachi kuwa na meno." Mama anasema hiyo ni kazi nzuri sana, na kuimba je, usiache kuimba, utaimba kanisani, na Annika anatabasamu, anafuta ncha ya mfuko kwa kitambaa, anaifuta vizuri kuliko inavyohitaji, na anasema, si kwa mama, wala si kwa Cori hasa, anaiambia keki: "Ule wimbo nimeurudisha kwenye benchi la bibi. Unajua nilidhani ni kitu kikubwa? Na wao walitabasamu, Cori. Sasa naelewa kwa nini ule mchezo ulidumu siku tisa."

Na kitu kinakatika, si moyo, moyo ni wa kwenye nyimbo, ni kitu kidogo zaidi, kama kile kifungo cha faili, tak, kwa sababu Cori alikuwapo kwenye zulia, alisikia, anajua walichokitabasamia, na huyu wiki zote hizi amekuwa akiamka, akivaa wavu kichwani, akiandika hongera juu ya keki za watu huku akiamini kwamba alisimama mbele ya watu watatu na kuwachekesha, si kwamba aliibiwa, hapana, kwa wizi anaye mtu wa kumchukia, ni kwamba alichoibiwa hakikuwa na thamani, ndicho anachokiamini, na hilo halikumo kwenye mpango, Cori alidhani amechukua wimbo, na nafasi labda, vitu vinavyorudishwa, risiti ipo, na kumbe alichukua masikio ya mtu, Annika hajisikii tena akiimba. Na ule wa tisa kwenye orodha mlangoni? Ule uliomlazimisha? Faili la Cori lilikuwa na nyimbo kumi na mbili. Hilo hajawahi kujiambia hata gizani. Kumi na mbili, na mmoja tu ndio uliokatazwa, zilibaki kumi na moja, zote amezifanyia mazoezi, zote zilikuwa pale begani kwake alipokuwa anapanda ngazi kwenda kunywa maji, na hakuwa na kiu. Hakukosa wimbo. Alitaka ule. Aliutaka tangu ndani ya gari, tangu theluji, ndiyo maana aliwasha vipanguzi, ili mwenziwe atazame kioo, asimwone uso.

"Niandike nini?" anasema Annika. Mama anasema mwanangu, watu wanangoja nyuma yetu, na ni kweli, mwanamume mmoja ameshika mkate kama kitoto kichanga, anaangalia saa. Keki ni nyeupe. Krimu imekusanya tone kwenye ncha ya mfuko, buluu, linarefuka na halidondoki. Cori anaona mikono yake ipo wapi na anaiacha hapohapo, juu ya toroli, yote miwili, haichagui wa kushoto wala wa kulia, na sauti inayomtoka ni mbaya, haina pumzi, hakuna mwalimu ambaye angeipokea.

"Weka krimu chini kwanza. Wimbo wa bibi yako niliuimba mimi, Annika, saa nne na dakika ishirini, nilizitoa karatasi kwenye faili lako ukiwa bafuni, na yule wa buti za kijani hakufanya kitu, nilimsingizia... na hawakukucheka. Nilikuwa mlangoni. Walitabasamu kwa sababu walikuwa wameshausikia kwangu, na wewe uliuimba vizuri zaidi."